Upele Uliogoma Mikononi

Kama unasoma huku unajikuna, karibu. Usione haya. Mimi nilijikuna mpaka nikasahau mtu anakaaje bila kujikuna, na leo nimekaa hapa naandika bila mkono wa kushoto kwenda kuutafuta wa kulia. Nakuandikia wewe, na mama yako unayemficha, na mwalimu wako anayesema upele hauui mtu. Maneno hayo niliyasikia mpaka nikayaamini. Rafiki yangu Mwanaidi naye aliyaamini.

Naitwa Hadija. Kwetu ni Kihagara, huku chini kwenye Ziwa Nyasa, ambako ukioga asubuhi jua linakukausha kabla hujafika nyumbani. Shule niliishia kidato cha pili, baba alipofariki na mambo kukaza. Lakini nilikuwa na sauti. Nikisoma Qurani wamama waliokuwa wakimenya mihogo walisimamisha visu. Basi mjomba akanitafutia nafasi kwenye chuo cha Qurani cha bweni cha wasichana, Mbinga mjini, na mimi nikaanza kuota. Nitahifadhi, nitasoma mashindano ya wilaya, kisha Songea, kisha Dodoma, kisha nitapanda ndege. Kiti cha dirishani nilishakichagua, na ndege yenyewe sijawahi kuiona ikiwa chini.

Nilifika wakati wa kipupwe, watu wakichuma kahawa. Mbinga iko juu, na kipupwe chake si cha mchezo. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya bweni na ukisema neno linatoka na moshi. Kwenye begi langu mama alikuwa amepanga khanga mbili na shuka moja jepesi. Mama hakuwa na kosa. Kwetu shuka ni la kuzuia mbu.

Wasichana wa ziwani wote tulifika hivyo hivyo. Wale wa juu walifika na mablanketi. Kwa hiyo pale chuoni kulikuwa na desturi iliyotukuta: mgeni wa ziwani anapewa pacha wa blanketi. Unalala naye kitanda kimoja, blanketi moja, mpaka baridi iishe au mpaka kwenu wakutumie la kwako. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa ni huruma, na mpaka leo nasema ilikuwa ni huruma.

Pacha wangu akawa Mwanaidi wa Kitai. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ana mwanya, akicheka anafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Blanketi lake lilikuwa la kijivu lenye mstari mwekundu pindoni. Siku ya kwanza alilikung'uta, akaniangalia nilivyokuwa natetemeka, akasema:

"Wewe dagaa, lala upande wa ukuta. Ukilala huku nje utaganda, tukuuze sokoni."

Jina likanibaki. Sikuchukia. Kuna watu wakikutania unajua umeshapata ndugu.

Kujikuna kulianza kwenye vidole, katikati ya vidole, pale ngozi ilipo laini. Kisha viganja, viwiko, kiunoni, chini ya matiti. Mchana unaweza ukavumilia. Mwili ukipata joto la blanketi ndipo wadudu wanapoamka, nawe unaamka nao. Bweni zima lilikuwa linakwaruza kama kuku waliofungiwa ndani. Nani alianza? Hatukujua, na siku hizi sitaki tena kujua.

Bi Zainabu, mke wa Ustadhi aliyekuwa mkuu wa chuo, na ndiye mlezi wetu, alitutengenezea kiberiti upele kilichosagwa kwenye mafuta ya nazi. Tukapaka. Bweni likanuka mayai viza. Madereva wa bodaboda waliokuwa wakiegesha ng'ambo ya ukuta walipiga kelele, "Jamani huko ndani, mmetaga?" Nasi tukacheka, maana mwanzoni ugonjwa huu una vichekesho. Ustadhi mwenyewe, mtu mpole sana, alituambia tusihangaike. "Upele hauui mtu, wanangu. Ni mtihani mdogo."

Kilichokuja kuniumiza kabla ya vidonda ni salamu. Pale chuoni ukimkuta mwalimu unaupokea mkono wake na kuubusu, na sisi kwa sisi tunapeana mikono tukitoka kuswali. Taratibu mikono ikaanza kupungua. Wageni walificha yao ndani ya mifuko ya kanzu. Muuza vitumbua wa getini akawa anaweka kitumbua juu ya ukuta, anarudi nyuma, ndipo tunachukua. Ustadhi peke yake ndiye hakuwahi kutunyima mkono, hata wenye usaha. Baadaye niliona na yeye anajikuna kiwiko nyuma ya mlango wa ofisi.

Ilipofika likizo, kahawa ikiwa imeshaanikwa na ukungu umepungua, nikateremka nyumbani. Nilikuwa nimevaa baibui refu, mikono nimeificha ndani. Mama alikuja kunipokea stendi akicheka. Akanishika mkono, akauvuta, akauangalia. Kicheko kikakatika.

"Hadija. Umekwenda kusoma au umekwenda kuoza?"

Nikaurudisha mkono ndani ya baibui. Nyumbani sahani yangu ilifungwa uzi mwekundu kwenye ukingo ili isichanganywe na nyingine. Wifi yangu alikuwa amejifungua, na nilikuwa nimeota tangu Mbinga nitakavyombeba yule mtoto nikimsomea. Nilipomnyooshea mikono, wifi alimgeuzia ukutani. Mama na mjomba waligombana uani kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo kila mtu anaisikia. "Wewe ndiye uliyempeleka." "Nilimpeleka akasome, dada, sikumpeleka akapate upele." Mama alichemsha mwarobaini, akaniogesha kama mtoto mchanga, mimi binti mwenye matiti, na machozi yake yakawa yanadondokea kwenye beseni.

Raha pekee ilikuwa ziwa. Asubuhi nilikuwa nakwenda kukaa kwenye maji mpaka shingoni, na ndani ya yale maji baridi mwasho unalala. Nilikaa pale nikisoma sura zangu kwa sauti, mawimbi yananipiga kidevuni. Niliota kwamba nikitoka nitakuwa nimepona.

Mama hakutaka nirudi. Nilimbembeleza. Ustadhi alikuwa ameshawachagua wasomaji wawili wa mashindano ya wilaya, mimi na Mwanaidi. Mama akanunua kipande kikubwa cha sabuni, akakiweka juu ya khanga zangu, akasema, "Ukizidiwa, rudi. Sahani yako ipo." Sikujua nicheke au nilie, maana nilijua ni sahani ipi.

Niliporudi, hospitali ilikuwa imeshatoa dawa, ile ya maji meupe kama maziwa wanayoiita BBE. Tuliambiwa tupake mwili mzima kuanzia shingoni, siku tatu mfululizo, tusioge mpaka kesho yake. Tulipaka jioni, baada ya swala ya Magharibi, wote kwa pamoja, mapazia yamefungwa. Sikiliza: kwenye ngozi iliyochubuka dawa ile ni moto. Wasichana wakubwa walikuwa wanaruka kama wanacheza ngoma. Mwanaidi alisimama juu ya kitanda akijipepea na kifuniko cha ndoo.

"Malaika waandike," akasema. "Moto wetu tumeshauonja huku huku Mbinga!"

Bi Zainabu alimkemea huku anacheka. Tulicheka wote mpaka machozi, na adhana ya Isha ilipotoka tukakimbilia birika la maji la uani, tukatawadha, tukaswali.

Baada ya siku zile tatu tumbo langu likatulia. Mgongo ukatulia. Nilifurahi jamani. Nililala kama gogo. Hata wiki haikuisha, vidole vikaanza tena. Tukasema ni nguo. Tukachemsha nguo zote kwenye pipa, tukaanika magodoro, tukapaka mara ya pili. Ikawa vile vile: kwanza nafuu, kisha vidole, kisha viganja, kisha mwili wote unaambukizwa upya. Tukapaka mara ya tatu, na safari hii hakuna aliyeruka wala kucheka. Mtu alikuwa anapaka kimya, uso ukutani.

Pale ndipo maneno yakaanza. Kulikuwa na msichana anaitwa Rukia, wa pale pale mjini, mwenye blanketi lake na kitanda chake. Siku moja tukiwa tunafua akasema, bila kumtaja mtu, "Huu upele ni wa ziwani. Kila akitoka likizo mtu analeta mpya."

Mwanaidi akaweka ndoo chini. "Rukia, wewe ulianza kujikuna dagaa wangu hajapanda hata gari. Au ulimwota?"

Watu wakacheka na maneno yakaishia hapo. Lakini wasichana wawili wa ziwani waliondoka mwezi ule, wazazi wao walikuja kuwachukua, na mpaka leo hawajarudi kusoma.

Mimi vidole vyangu vilivimba vikaingia usaha. Kalamu sikuweza kuishika. Msahafu niliogopa kuugusa nisiuchafue, hivyo Mwanaidi ndiye aliyekuwa ananifungulia kurasa. Tunakaa bega kwa bega, mimi nasoma, nikifika mwisho natikisa kichwa, yeye anafunua. Ilipofika zamu yake mikono yake nayo ilikuwa imeharibika, vidonda mpaka vifundo vya miguu, na akawa anafunua kwa ncha ya kijiti cha mswaki. Hakuacha kunifungulia.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mwanaidi akanenepa.

Ndivyo tulivyosema, kanenepa. Asubuhi macho yake yalikuwa madogo, mashavu yamejaa, mwanya unaonekana kwa shida. Msichana aliyekuwa mwembamba maisha yake yote! Mpishi wetu alimgonga begani kwa mwiko, "Kumbe maharage yangu yanakupenda." Rukia akasema, "Unakula wapi wewe peke yako?" Mwanaidi alikiomba kioo changu akajiangalia upande huu na upande ule. Alifurahi. Alisema baba yake akimwona atadhani amebadilishiwa mtoto.

Kisha viatu vikamkataa. Kisha akawa anapanda ngazi mbili za bweni anasimama, mkono kifuani. Siku moja tukitoka chooni akanivuta.

"Dagaa, mkojo wangu ni mweusi. Kama kahawa ile ya mwisho wa birika."

Tukaenda wote kwa Bi Zainabu. Bi Zainabu akawaza, akasema hicho ni kichocho. Mwanaidi hajawahi kutia mguu ziwani maisha yake yote, lakini ukishasema kichocho huku kwetu kila mtu anatikisa kichwa, kwa hiyo na sisi tulitikisa. Baba yake akapigiwa simu. Alikuja na pikipiki, mtu mkimya, mwenye duka dogo barabarani Kitai. Akamtazama binti yake, akasema atampumzisha nyumbani, kuna mzee anajua mizizi ya kichocho.

Mwanaidi alipanda nyuma ya pikipiki kwa kushikwa. Mvua ilikuwa inanyunya. Akageuka.

"Nitunzie blanketi. Rukia asilitie mkono."

"Nenda bwana," nikamwambia. "Utarudi kabla halijapata vumbi."

Siku chache baadaye Bi Zainabu alinipeleka hospitali kwa sababu ya vidole. Nitakwambia kuhusu benchi lile la kusubiri, maana wewe pia utalikalia. Ni refu, la mbao, linakuwa limejaa tangu asubuhi, wamama wa Kimatengo na watoto mgongoni, rozari shingoni, wazee wanaokohoa, watumishi wa ofisini wanaotazama saa. Nilipokaa na mikono yangu, benchi likasogea. Halikusogea kwa chuki. Lilisogea lenyewe, mtu mmoja mmoja, mpaka nikabaki na nafasi ya watu watatu. Kisha mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na kuku ndani ya kikapu, akaja akakaa katika ile nafasi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mimi nilikuwa nao nikiwa na umri wako. Wanasogea, wape muda, watachoka kusimama."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Natumaini nilimshukuru.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke mfupi, Nesi Komba, sauti kubwa, mkono mwepesi. Alisafisha vidonda, akapaka ile dawa ya zambarau, akaniambia nipandishe mikono ya baibui mpaka mabegani. Akaniambia nipandishe na chini, aone miguu. Akaangalia mkono, akaangalia mguu, akarudi kwenye mkono.

"Huku juu umepona," akasema. "Angalia. Mabega safi. Tumbo?"

"Tumbo limepona, nesi."

"Ila kuanzia kiwiko kushuka, umeoza. Na miguu kuanzia vifundo kushuka, umeoza. Kama umevaa glavu na soksi za upele. Mnafanya nini na hii mikono huko chuoni? Mnachimba?"

"Hatuchimbi," nikasema.

"Mnafua kila siku?"

"Jumamosi tu."

Bi Zainabu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akitazama kiwiko changu, pale ule mpaka ulipokatia kama umechorwa. Akatazama miguu yangu. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kuambiwa.

"Tunatawadha," akasema.

Nesi Komba ni Mkatoliki, msalaba wake unaning'inia juu ya sare. "Ndiyo nini hiyo, mama?"

Bi Zainabu akamwonyesha. Hakuwa na maji, akafanya kwa hewa tu: akasugua viganja, akapitisha vidole katikati ya vidole, akapangusa uso, akaosha mkono wa kulia mpaka kiwiko, wa kushoto mpaka kiwiko, akagusa kichwa, akainama akaosha miguu mpaka vifundo, na katikati ya vidole vya miguu pia. Watu wa benchini walikuwa wanachungulia mlangoni. Hakuna aliyecheka.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tano."

"Na dawa mnapaka saa ngapi?"

"Baada ya Magharibi."

"Halafu?"

"Halafu Isha," Bi Zainabu akasema. "Dawa haijakaa hata saa mbili. Na Alfajiri tena. Tumekuwa tukiiosha, nesi. Kwa mikono yetu wenyewe. Na watoto wangu wanatawadha vizuri sana, nimewafundisha mwenyewe, hawabakizi sehemu kavu."

Nesi Komba hakumlaumu. Nampenda mpaka leo kwa hilo. "Na mimi ningekuwa nimewauliza mapema," akasema. "Niliandika tu kwamba msioge. Kutawadha sikukujua." Kisha wakaanza kupanga, wanawake wale wawili, wamesahau kama nipo. Dawa ipakwe baada ya Isha, si kabla yake. Ustadhi aulizwe kama inafaa, na kila msichana awe na kichupa chake cha dawa pale birikani. Akishatawadha na kuswali, apake tena mikono na miguu, kila swala. Wapake wote siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, Ustadhi na watoto wake na mpishi, kisha warudie baada ya wiki. Mapacha wa blanketi basi.

Nesi akanigeukia, akaandika vidonge vya usaha, na akiwa anaandika akauliza kama swali la kawaida tu, "Kuna mwenzenu yeyote amevimba uso?"

Mimi na Bi Zainabu tulitazamana.

"Alinenepa," nikasema. "Mwanaidi. Na mkojo wake..."

"Rangi gani?"

"Kahawa."

Kalamu ikasimama. "Yuko wapi sasa hivi?"

Bi Zainabu alipiga simu akiwa amesimama katikati ya chumba. Nesi Komba akaichukua kutoka mkononi mwake. "Baba Mwanaidi, mimi ni muuguzi, shikamoo. Hiyo mizizi iache. Mlete leo. Usisubiri kesho, usisubiri mvua ikatike. Leo." Alipokata akatuambia polepole, akichagua maneno, kwamba upele wenyewe hauui, kweli. Lakini vidonda vyake vikiingia usaha na usaha ukaachwa, sumu inaweza kushambulia figo, na mtu akavimba kwa maji huku watu wanadhani ananenepa.

Mwanaidi alifika jioni ile, amelazwa kiti cha nyuma cha gari la jirani.

Ustadhi alisikia habari ya udhu akiwa barazani. Akavua kofia, akaivaa tena. "Mgonjwa ana ruhusa zake," akasema. "Dawa itapakwa kama nesi alivyosema, na mimi nitakuwa wa kwanza." Tulipanga vichupa vyetu juu ya ukuta wa birika, kila kimoja na uzi wa rangi yake. Mwisho wa wiki ngozi ya vidole vyangu ilianza kubanduka kavu, na chini yake ikatoka nyingine, ya waridi, laini kama ya mtoto wa wifi. Bweni likanyamaza. Baada ya miezi ile yote ya kukwaruza, ukimya wenyewe ulikuwa mgeni.

Na wiki ile ile Mwanaidi alikuwa anakufa. Sina njia laini ya kuliandika hili.

Nilikuwa nakwenda kumwona saa za wagonjwa. Hakuweza kulala chali, pumzi ilikuwa inakatika, kwa hiyo alikaa ameegemea kifua cha baba yake, yule mtu mkimya, na baba alikuwa amekaa nyuma yake kitandani kama kiti. Uso haukuwa wake tena. Mfuko wa mkojo ulioning'inia chini ya kitanda ulikuwa na kitu kidogo tu, cheusi. Walisema apelekwe hospitali kubwa zaidi akiwa na nguvu ya safari, na nguvu haikuja.

"Dagaa," akasema. Mwanya ule ule. "Mikono?"

Nikamwonyesha. Akatia vidole vyake vilivyovimba katikati ya vidole vyangu, kimoja kimoja, kama anahesabu.

"Laini," akasema. "Sasa utajifungulia mwenyewe kurasa. Mimi nimechoka kuwa mtumishi wako."

Baba yake alicheka. Nilimsikia akicheka, mara moja tu, kisha akaegemeza kidevu juu ya kichwa cha binti yake.

Asubuhi moja tukiwa darasani tulimwona baba huyo uani, amesimama kwenye mvua, hasogei barazani wala harudi getini. Ustadhi akafunga msahafu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mashindano sikwenda mwaka ule. Sauti ilitoka, lakini kila nilipofika mwisho wa ukurasa nilitikisa kichwa, na hakuna aliyefunua.

Blanketi tulilichemsha pamoja na mengine yote, tukalianika siku za jua, na jua liliporudi kwa uhakika tukalipeleka Kitai mimi na Bi Zainabu. Mama yake Mwanaidi alilipokea kwa mikono miwili. Akalifunua kidogo, akaliweka usoni, akanusa. Akanusa upande wa pili. Akalifuata lile pindo lenye mstari mwekundu lote, ananusa, anatafuta.

"Mmelichemsha," akasema.

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Linanuka sabuni tu."

Mama yule akalikunja polepole, pembe kwa pembe, akanirudishia.

"Mmefanya vizuri kulichemsha. Huko chuoni kwenu kuna baridi. Rudi nalo."

Sasa mimi ni msaidizi wa Bi Zainabu pale chuoni. Bado naota, ndege bado sijaipanda, lakini kiti cha dirishani hakijachukuliwa na mtu. Wewe unayejikuna, nimekwambia yote ninayoyajua. Mkipaka, pakeni wote siku moja. Uiulize mikono yako inafanya nini baada ya dawa. Ukiona usaha, usiusubiri upite wenyewe. Na mwenzio akinenepa ghafla usoni, usimsifie kabla hujamuuliza rangi ya mkojo wake.

Kipupwe kilichopita aliletwa msichana mpya, kutoka huku huku kwetu ziwani. Alisimama mlangoni mwa bweni na begi lenye khanga mbili, meno yanagongana. Rukia, ambaye siku hizi ndiye anayepanga vichupa birikani, alinitazama mimi.

"Pacha wangu ni nani?" msichana akauliza. Kumbe huko nyumbani walishamweleza ile desturi ya zamani.

"Hakuna mapacha tena," nikamwambia. "Kila mtu na lake."

"Mimi sina."

Nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa lile la kijivu lenye mstari mwekundu. Macho yake yakafunguka. Akanyoosha mikono kulipokea.

"Ngoja. Njoo kwanza hapa dirishani. Tandaza vidole."

Akavitandaza, vinatetemeka. Nikapitisha vyangu katikati, kimoja kimoja, taratibu. Vilikuwa safi.

"Blanketi la nani hili, dada?"

"La Mwanaidi."

"Mwanaidi ni yupi?"

"Nitakusimulia," nikasema. "Nipe kwanza na mkono wa pili."